Uso wa Bi Maji

Mke wangu alipokufa, mwenyekiti wa soko alitaka kumfanya tangazo. Aliona marehemu hana mdomo. Alisahau kwamba ameacha mume.

Kwanza mjue alikuwa nani. Aliuza matango. Si nyanya, si vitunguu, matango tu, tangu binti yetu anatambaa chini ya meza mpaka binti huyo akazaa wake. Meza ilikuwa ya kona, karibu na bomba. Niliitengeneza mimi, maana kazi yangu ni useremala.

Aliyapanga kwa aina. Mafupi yenye vinundu upande wa kushoto. Ngozi ngumu, lakini ukiyauma yanalia. Marefu laini katikati, mbegu chache, ya watu wa hoteli. Meupe pembeni, ya wazee tusio na meno. Yaliyozidi kuiva yakawa ya njano hakuyaficha chini ya mapya. Aliyauza rahisi kwa wanaotaka kuyapika au kuyatia kwenye siki. Na kabla ya kukukatia kipande cha kuonja alianza upande wa kikonyo, ndiko uchungu unakokaa. Akalamba mwenyewe. Likiwa chungu, lilikwenda kwa mbuzi wa jirani.

Ukimuuliza tango linatibu nini, alijibu, kiu. Ukimng'ang'ania, alikueleza vizuri: lina maji mengi, sukari yake kidogo, ganda lake ukiliosha husaidia choo. Basi. Msichana wa saluni alinunua ya kuwawekea wateja machoni. Mke wangu akamwambia yatawapoza tu, makunyanzi hayafuti, kama yangefuta yeye angekuwa bado anachumbiwa. Ndiyo maana soko zima lilimwita Bi Maji. Hakuchukia.

Meza ya pili alikaa muuza juisi, Mama Blenda. Huyu alitundika ubao: tango linaondoa presha, linaondoa sukari, linayeyusha mawe ya figo. Watu wakajaa. Mstari mzima ukaiga, mpaka muuza ndizi naye akapata ugonjwa wa kutibu. Mwenyekiti akapita akisifu, akasema hiyo ndiyo biashara ya kisasa. Mke wangu akamwambia meza yake haina nafasi ya msumari.

Siku moja akaja mteja wake wa miaka mingi, dereva mstaafu, mtu wa utani, mwenye presha. Akajaza mfuko marefu matupu. Huku anachagua akawa anasimulia kwa furaha kwamba vidonge ameviacha, siku hizi ni juisi ya tango asubuhi na jioni. Mke wangu akauchukua mfuko, akaanza kuyarudisha mezani moja moja.

"Shemeji, leo sikuuzii."

"Kwani pesa yangu inaumwa?"

"Pesa yako nzima. Anayeumwa ni wewe. Nenda kameze dawa zako, halafu urudi ule matango mpaka uote kikonyo."

Watu wakacheka. Dereva hakucheka. Alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti, akalalamika kwamba amefukuzwa kama mwizi. Mwenyekiti akaja na hukumu yake: Bi Maji atundike ubao kama wenzake, au aiache kona.

Hakubishana. Alinituma nikalete mkokoteni. Tukahamia mlango wa nyuma, jirani na jalala, pasipo bomba. Maji ya kuoshea akawa anayabeba kwa ndoo, na moyo wake tayari ulikuwa mbovu, daktari alishasema. Nikamshauri akitundike tu hicho kibao, kitampunguzia nini. Akaiweka ndoo chini.

"Baba, wewe ungemuuzia mtu kiti cha miguu mitatu ukamwambia ni minne?"

Nilikwenda kujaza ndoo.

Dereva yu hai. Sijui kama alivirudia vidonge. Mke wangu vyake alivimeza kila siku, na amekufa. Nayasema yote mawili, maana yeye hakupenda mtu aonyeshwe tango upande mzima tu.

Msibani Mama Blenda alikaa na wanawake, akawa ananong'ona kwamba mkaidi yule angekunywa juisi tungekuwa naye. Binti yangu alinishika mkono. Msiba una adabu yake.

Watu walipotawanyika nikaenda kukaa kwenye meza yake kuuza matango, hapo hapo jalalani. Nyumbani ningefanya nini. Ndipo mwenyekiti akaniita ofisini. Alikuwa na ubao mpya wa plaiwudi nzuri. Katikati amechorwa mke wangu na kilemba chake. Chini yake wameandika: Matango ya Bi Maji, tiba ya presha na moyo.

Moyo. Ndio uliomuua.

Mwenyekiti akasema hiyo ni heshima kwa marehemu, na nikikubali, kona narudishiwa na bomba lake. Mchoraji, haki yake nimpe, alimpatia. Hata lile jicho la kushoto lililolala kidogo, kama anakupimia uwongo. Nikasema nauchukua nikautazame nyumbani. Akanipigapiga begani. Alidhani mzee amelainika.

Nyumbani nikatoa msumeno. Mkono wangu siku hizi hautulii, nikala kidogo kwenye kilemba, lakini uso ulitoka mzima. Asubuhi nikaurudisha ubao sokoni, una tundu katikati. Nikauegemeza kwenye bomba la kona, mstari wote unaona. Mwenyekiti akaja mbio, akauliza huu ni wazimu gani.

"Maneno ni yenu," nikamwambia. "Uso ni wangu."

Akasema basi kona niisahau mpaka nife. Nikamwambia nimeshaanza kuisahau. Mama Blenda akainama, akachungulia kwenye lile tundu, akasema mzee huyu amerithi kichwa cha mkewe.

Nikamshukuru, nikaenda mlango wa nyuma kufungua biashara.