Blower ya Gari la Qabow Ilivyomvusha Dada Yangu Daraja la Tana

Wakuu, asalaam aleikum, na kama salamu hiyo si yenu, basi hamjambo.

Jana nimemwona kijana humu analalamika blower ya gari lake, ile feni ya kupuliza hewa, imekufa na fundi anataka kubadilisha kila kitu mpaka dashboard. Nikacheka peke yangu hadi mke wangu akaniuliza nina nini.

Mimi blower ya kwanza kuifungua ilikuwa Garissa, miaka ya vita vya shifta. Nimezeeka, lakini kisa hiki sijakisahau, na sitatia chumvi. Iliyomo inatosha.

Kwa ambao mlikuwa hamjazaliwa: uhuru ulikuwa bado mbichi, na huku kwetu kulikuwa na hali ya hatari. Msomali hakutoka mjini bila pasi. Barabarani kulikuwa na mabomu ya kutegwa, kwa hiyo magari yalikwenda kwa msafara nyuma ya lori la jeshi. Ukionekana porini bila ruhusa, yule anayekuona ndiye anayeamua wewe ni mchungaji au ni shifta, muasi wa porini.

Mimi nilikuwa dereva wa Mzungu mmoja, mhandisi wa visima. Alikuwa na gari kubwa la Kimarekani, refu kama ghala, na chini ya dashboard lilikuwa na kisanduku kinachotoa hewa baridi. Garissa nzima hapakuwa na kingine.

Watu walikuwa wanakuja kuomba waingize mkono tu. Mzee mmoja aliingiza, akautoa haraka, akasoma Ayatul Kursi.

Kwetu mtu hakai bila jina la utani. Yule Mzungu tulimwita Qabow, maana yake baridi. Alilijua jina hilo na nadhani alilipenda.

Sasa shida yenyewe.

Dada yangu Halima alikuwa na mimba kubwa. Mumewe alikuwa na ngamia upande wa Liboi, mpakani, na kutoka huko asingeweza kupita. Siku moja akaenda zahanati, dresa, yule mhudumu wa pale, akamshika tumbo. Halafu akasema mtoto amelala kingama, na daktari wa kupasua hayupo. Apelekwe Thika au Nairobi, na apelekwe upesi.

Nikaenda kuomba pasi. Nikaambiwa pasi zimesimamishwa, kuna gari limeshambuliwa njiani. Njoo wiki ijayo.

Wiki ijayo mtoto hataijua.

Qabow alikuwa anasafiri kwenda Nairobi kesho yake na msafara. Nikamwomba. Akaniambia, "Bare, mimi si teksi. Nimekatazwa kubeba abiria. Wakimkuta ndani wananifukuza nchi hii, na wewe unajua watakupeleka wapi."

Hakusema kwa ubaya. Alisema huku anatazama viatu vyake. Nikaenda nyuma ya stoo nikakaa.

Na mchana huohuo, wakuu, blower ikafa.

Qabow alirudi kutoka kisimani amekuwa mwekundu kama nyama ya ndafu. Alikuwa na ngozi ya vipele, jua la Garissa lilikuwa linamtafuna. Akanipa ufunguo, akasema, "Tengeneza. Bila hii kesho sifiki."

Nikaangalia. Fuse nzima. Bomba la gesi linatoa jasho, kwa hiyo ubaridi upo, ila hakuna wa kuupuliza. Nikaifungua motor nikaiweka juu ya gunia.

Ndani kaboni moja, kile kipande kinachoipelekea motor umeme, ilikuwa imelika yote, na kispringi kinachoisukuma kimekatika. Kaboni haikunisumbua. Nilivunja betri ya tochi, nikatoa kile kijiti cheusi cha katikati, nikakisugua na tupa mpaka kikaingia. Mafundi wa zamani mnaujua mchezo huo.

Ikabaki springi.

Halima alikuwa amekaa kivulini, ametoka zahanati na hataki kwenda nyumbani kulia mbele ya watu. Akaniuliza ninatafuta nini. Nikamweleza.

"Na mtu akikisukuma hicho kijiti kwa mkono?" akauliza.

"Itazunguka. Akiachia, itasimama."

Akafikiri kidogo. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeagiza chai, "Walaal, ndugu yangu, usitafute springi."

Nikamtazama. Yeye akanitazama. Huyu dada yangu tangu utotoni ndiye alikuwa anapanga, mimi ndiye nilikuwa nachapwa.

Nikairudisha motor mahali pake, nikaacha kitundu upande wa chini. Halima akachonga kipande cha mti wa mgunga, chembamba kama msuaki. Akaingia akakaa sakafuni mbele ya kiti cha abiria, tumbo limegusa mlango, akakisukuma kijiti. Nikawasha.

Upepo ukaja. Baridi, jamani. Na nywele za mbuzi kadhaa.

Nikamwita Qabow. Akainamisha uso mbele ya tundu, akafumba macho. Nikamwashiria Halima. Akaachia. Kimya. Akasukuma. Upepo. Akaachia. Kimya.

Qabow akafumbua macho, akaona kitambaa cha kichwa na miguu miwili ya mwanamke chini ya dashboard yake. Nikamweleza springi imekatika, bila mtu wa kusukuma haizunguki.

"Hakuna springi Garissa nzima?"

"Hakuna, bwana. Na kitundu ni kidogo, mkono wangu hauingii."

"Nilikwambia sibebi abiria."

"Huyu si abiria, bwana."

"Ni nani?"

Halima akajibu mwenyewe kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Mimi fundi ya ubebo. Fidole yangu ndogo."

Qabow akasimama pale muda mrefu, akibofya kalamu yake, tik tik, tik tik. Halafu akaiweka mfukoni, akasema tuondoke asubuhi na fundi awe na blanketi, kutakuwa na baridi.

Asubuhi tukafika kwenye daraja la Tana, Qabow kando yangu katikati ya kiti kirefu cha mbele, Halima sakafuni upande wa mlango. Msafara umepangwa, askari wanakagua gari moja moja. 

Koplo mmoja, mtu wa bara, mrefu, akachungulia. Akaona karatasi za Qabow, akaona zangu. Kisha akaona blanketi linapumua.

"Na huyu mama? Pasi yake?"

Qabow ndiye aliyesema, bila hata kugeuza shingo.

"Huyo ni sehemu ya mashine."

"Sehemu gani?"

"Ya upepo. Akishuka, gari halina hewa. Mwonyeshe, Bare."

Koplo akaingiza kichwa dirishani. Halima akasukuma, upepo ukampiga usoni, kofia ikataka kuruka. Akaachia, ukakatika. Koplo akaomba tena. Akamwita mwenzake, naye akapoza uso. Foleni ya malori ilikuwa inanguruma nyuma na hawa wanajipunga.

Nikaanza kuamini tumepita.

Ndipo uchungu ukamshika Halima. Hakutoa sauti, alikuwa ameuma blanketi. Ila mkono ulitetemeka, na upepo ukaanza kuja vipande vipande, puu, puu, puu. Koplo akaacha kucheka. Akainama, akamwona uso.

Nilijua imekwisha. Nilikuwa nawaza nitamwambia nini mama.

Koplo akasimama wima, akavaa kofia yake vizuri. Akasema, "Hii mashine imepata moto sana. Msiicheleweshe hapa." Akapiga paa la gari mara mbili, kizuizi kikainuliwa.

Sikumshukuru. Nikatia gia.

Njia ile ilikuwa mchanga na mashimo, na kila shimo nililiona kama kaburi. Nilifuata alama za matairi ya lori la jeshi kama mtu anayefuata imamu. Halima alikuwa anasukuma huku anasoma dua. Madirisha yamefungwa, vumbi liko nje, sisi ndani tunaganda. Ukiniuliza, ndiyo safari ya starehe kuliko zote za vita vile.

Karibu na Mwingi, msafara ukiwa umeshaachana, uchungu ulitulia, na Halima akasinzia. Kipande cha mti kikamtoka mkononi. Upepo ukakata.

Nikanyoosha mkono nimwamshe. Qabow akaushika.

"Mwache. Simamisha gari."

Akatoa kalamu yake mfukoni, akaifungua, akatoa kispringi cha ndani. Akainama taratibu asimguse Halima, akakipachika pale, akakibana na kipande cha bati la sigara. Upepo ukarudi. Akamfunika vizuri blanketi, akaketi.

Nikaliondoa gari.

Nikauliza, "Bwana, ulijua tangu Garissa?"

"Endesha," akasema.

Thika walimpokea kwa machela moja kwa moja hadi chumba cha kupasuliwa. Qabow alikuwa na watu wanamsubiri Nairobi. Hakwenda. Tulikaa wote wawili kwenye benchi la hospitali, yeye anakuna vipele, mimi nahesabu tasbihi, mpaka nesi akatoka akasema ni msichana na mama yake anaomba maji.

Halima tulimwacha kwa jamaa zetu Eastleigh hadi apone. Tuliporudi darajani, koplo yuleyule. Akatazama sakafuni, patupu.

"Ile mashine iko wapi?"

"Imezaa," Qabow akasema. "Msichana."

Koplo akaangalia mto kidogo. Akasema, "Basi vizuri," akatufungulia.

Wakuu, nimefanya kazi na watu wengi baadaye, na jambo nililojifunza ni hili. Mtu mwenye amri juu yake ukimwomba aivunje, atakataa, hata kama moyo wake unataka. Usigombane naye. Mpe sababu ya kusema ndiyo ambayo ataweza kuisema mbele ya wakubwa zake bila kucheka. Wengi wanaisubiri.

Simaanishi wote. Miaka ile kuna waliokutana na watu wasiosubiri sababu yoyote, na hao visa vyao havichekeshi. Kama wazazi wenu walikuwa Garissa, Wajir, Mandera, waulizeni mapema, halafu mje mtuandikie hapa.

Na wewe kijana wa jana: anza na fuse, kisha fungua motor uangalie kaboni. Usikubali dashboard ishushwe.

Halima yuko hai, nimempigia simu kuomba ruhusa kabla ya kuandika. Amesema sawa, ila niwaambie kwamba aliyetengeneza ni yeye, mimi nilifungua skrubu tu.

Nimeshawaambia. Haya, uwanja ni wenu.