Kompyuta Mpya na Picha ya Mzee Barasa

Nakumbuka Jumamosi moja asubuhi, mwanangu, nje ya chumba cha maiti kule Thika. Watu walikuwa wameshika karatasi niliyoitengeneza mimi, na hakuna hata mmoja aliyenitazama usoni. Miaka imepita mingi, mvi zimenijaa, lakini nikiikumbuka asubuhi ile huinamisha kichwa hata nikiwa peke yangu chumbani.

Juzi uliniambia unataka kununua kompyuta ya kazi yako ya usanifu, kwamba pesa ni kidogo, na kwamba umeshaiona moja Juja inayowakawaka taa za rangi kwenye kibodi. Nilicheka, nawe ukanuna ukidhani nakucheka. Sikukucheka wewe. Kaa hapa nikueleze.

Mimi nililelewa Landless, mtaa mmoja wa Thika, na senje, yaani dada ya baba yangu, pamoja na mumewe, Mzee Barasa. Walikuwa wametoka magharibi kutafuta kazi, kama wengi wa mtaa ule. Senje alikuwa akiuza githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, nje ya lango la kiwanda. Mzee alikuwa ndani ya kiwanda hicho hicho, upande wa kutia nguo rangi, na vidole vyake vilikuwa na ubluu ambao sabuni haikuutoa. Hawakujaliwa mtoto, kwa hiyo kila walichokuwa nacho kiliniangukia mimi. Mzee hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliponiona nimekaa bure angeniuliza tu, "Umekula?" na hapo mazungumzo yangekuwa yameisha.

Nilipomaliza shule nilipata kazi Ruiru kwa bwana aliyeitwa Kamau. Alikuwa na duka la uchapishaji: kadi za harusi, kadi za harambee na programu za mazishi. Ilikuwa miaka ya tisini, kompyuta ndiyo kwanza zinaingia kwenye maduka madogo, na kwa ile moja ya Kamau nilijifunza kila nilichojua. Programu za mazishi ndizo zilizotulisha. Desturi unaijua, familia inaweza kukosa chai ya waombolezaji lakini haitakosa ile karatasi iliyokunjwa, yenye picha ya marehemu mbele na historia yake ndani. Kwa watu wa kutoka mbali, kama sisi, karatasi hiyo ni kitu kikubwa zaidi. Maiti husafirishwa nyumbani, na kule kuna ndugu ambao hawakumwona mtu wao tangu alipoondoka kijana kwenda kutafuta kazi. Wengine ile picha ndiyo watakayomjulia.

Basi nikataka duka langu mwenyewe. Senje alikuwa ameweka pesa za mabati, maana kule nyumbani walikuwa wameanza kujenga, kuta zimesimama, paa bado. Nilipomweleza nia yangu hakuuliza maswali mengi. "Mabati yatangoja," alisema. "Wewe anza."

Kamau naye, ambaye angeweza kuninunia kwa kumwacha, aliniketisha siku ya mwisho akaniambia, "Wee Wafula, sikiliza. Usiangalie sanduku. Angalia memori, na diski, na skrini kubwa yenye haitakumaliza macho. Hizo zingine ni za kuchezea watoto. Na kama pesa ni kidogo, nunua iliyotumika, hakuna aibu."

Nilimwelewa vizuri. Memori ya kompyuta ni kama meza ya fundi wa nguo. Meza ikiwa ndogo, kitambaa kikubwa hakitandiki, hata fundi awe hodari vipi. Hilo nililijua kabla sijatoka Ruiru, na hiyo ndiyo sehemu inayoniuma mpaka leo. Sina hata ujinga wa kusingizia.

Dukani Thika nilikuta mbili ambazo pesa zangu zingefikia. Ya kwanza ilikuwa imetoka kwenye ofisi fulani, imepauka njano, ubavuni ina alama ya karatasi iliyobanduliwa nusu. Lakini skrini yake ilikuwa kubwa na nzito, na memori yake ilikuwa mara mbili ya ile nyingine. Ya pili ilikuwa mpya. Sanduku refu, jeupe, spika mbili, na mahali pa kuingizia CD. Kijana wa duka alibonyeza kitu, muziki ukatoka, na watu waliokuwa wakipita wakasimama mlangoni.

"Niaje boss," akaniambia, "hii ndiyo mambo yote. Hiyo ingine ni ya wazee."

Mwanangu, mimi nilikuwa nimevaa mitumba maisha yangu yote. Sare ya shule ilikuwa ya mtoto mwingine kabla yangu. Viatu vilikuja na umbo la mguu wa mtu nisiyemjua. Hata Biblia yangu ilikuwa na jina la mtu limekatwa kwa kalamu. Niliitazama ile kompyuta ya ofisi na alama yake ya kubanduliwa, na moyo wangu ukakataa kabisa. Nilisema angalau kitu kimoja nitakifungua mimi wa kwanza. Nikalipia ile ya muziki, zikaisha pesa zote, hata ya kuongeza memori baadaye haikubaki.

Senje aliponiuliza kama ndiyo ile Kamau alisema, nikamjibu ndiyo. Siku chache baadaye nikakutana na Kamau stendi, akaniuliza swali lile lile, naye nikamjibu ndiyo. Skana yangu, ile mashine ya kuingiza picha kwenye kompyuta, nilikuwa nimeinunua kwake, kuukuu, kwa bei ya kirafiki, na bado nikamdanganya macho makavu.

Majirani walikuja kuiona pale chumba cha mbele cha nyumba yetu, nilipofungua duka. Senje aliifumia kitambaa cha uzi cha kuifunika, akawa anakiinua mwenyewe mgeni akiingia, kisha ananiambia, "Hebu iimbishe kidogo." Nami naiimbisha. Nilikuwa mtu wa kutajwa pale Landless, siwezi kukuficha.

Kazi za maandishi matupu ilizifanya. Kadi ya harusi yenye maua mawili, sawa. Lakini ukiipa picha kubwa inaganda, kipanya hakisogei, hata saa ya pale chini inasimama. Unajua nilifanya nini? Niliwalaumu wateja. Niliwaambia picha yao ni mbaya, waniletee nyingine ndogo. Watu wazima, waliofiwa, wanarudi nyumbani kupekua masanduku kwa sababu ya uongo wangu. Na kila nilipopata kitu mkononi nilijiambia nitaongeza memori mwezi ujao.

Kisha Mzee Barasa akaugua kifua, na hakupona.

Senje aliniletea picha Alhamisi asubuhi, ameifunga kwenye leso. Ilikuwa ya pekee aliyokuwa nayo, ya studio, Mzee amevaa koti la bluu, mkono kwenye kiti, anatazama mbele kana kwamba ameambiwa asipumue. Chama chetu cha watu wa nyumbani kilikuwa tayari kumlipa mchapishaji wa mjini. Senje alikataa mbele ya wote. "Msilipe mtu," aliwaambia. "Tuko na kompyuta yetu, na mwenye kuitumia ni mtoto wake."

Akaniomba jambo moja tu: uso wa Mzee ujae ukurasa wa mbele. Mdogo wake Mzee wa kuzaliwa, Juma, alikuwa hajamwona tangu wote wawili wakiwa vijana. Na kwa hali ya mwili baada ya ugonjwa ule, wazee walikuwa wameamua jeneza lisifunguliwe.

Nikaskani. Ikaganda. Nikaizima, nikaiwasha, nikafuta michezo, nikafuta hata ule muziki. Ikaganda tena. Mchana ulikuwa bado mzima. Ruiru si mbali, na Kamau angeifanya kazi ile huku akipiga soga. Lakini kwenda kwake kulikuwa na maana ya kumwambia niliyoinunua siyo aliyoniambia, na kwamba nilimdanganya stendi. Nilivaa koti mara mbili, na mara zote mbili nikalivua.

Mwishowe niliipunguza picha mpaka mashine ikaikubali, ikiwa ndogo kama stempu, kisha nikaivuta ijaze ukurasa. Uso ukawa viraka viraka. Nikaitoa kwa printa, nikaipeleka kwenye fotokopi, na kule viraka vikawa weusi mtupu, koti na uso na ukuta vyote kitu kimoja. Niliona. Nisikudanganye kwamba sikuona. Nilisimama pale mashine ikitema karatasi moja baada ya nyingine, nikalipa, nikazifunga kwa uzi. Ijumaa nzima nilipishana na Senje uani, akaniuliza kama zimetoka vizuri, nikamwambia zimetoka.

Jumamosi, nje ya chumba cha maiti, mwenyekiti wa chama alizigawa. Watu waliotazama walizikunja picha ikiwa ndani. Senje akaipokea yake kwa mikono miwili. Akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena. Akanisogelea na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Wafula, huyu ni nani?"

Mwenyekiti akakohoa. Hapo Senje akainua sauti, wote wasikie, akasema, "Mtoto amejitahidi. Tupande gari sasa." Mwanangu, angenipiga kofi mbele ya watu ningeshukuru.

Tulipofika nyumbani kule magharibi tulikuta kuta zao zimesimama wazi, vijana wamefunga turubai juu pale ambapo mabati yangekuwa. Juma, yule mdogo wake, alikuwa mzee wa kutembelea fimbo. Alikwenda na karatasi mpaka nje penye mwanga, akaiinamisha huku na huku. Kisha akaanza kuuliza watu mmoja mmoja: kaka yake alikuwa na mvi? Alifanana na baba yao alivyozeeka? Senje akanigeukia, akaniambia nitoe ile picha yenyewe ya studio aoneshwe. Kwa kuhangaika kwangu nilikuwa nimeiacha ndani ya skana, Thika.

Juma alimzika kaka yake kwa kuhadithiwa.

Baada ya wageni kupungua, Senje aliniita nyuma ya nyumba. Nilitarajia aseme juu ya mashine, na pesa zake za mabati. Hakuzigusa. "Kuchagua vibaya ni kwa mtu yeyote," alisema. "Ningekusamehe kabla hujamaliza kuniambia. Lakini ulijua Alhamisi. Alhamisi ningevaa viatu niende Ruiru mwenyewe nimwombe Kamau. Uliona afadhali mume wangu aende bila uso kuliko wewe uonekane ulikosea." Alisema polepole, bila kulia, na alipomaliza akaenda kuosha vyombo. Mimi nikabaki pale, na kila neno lilikuwa kweli.

Tuliporudi Thika nilichukua picha nikaenda Ruiru. Nilimwambia Kamau yote, kuanzia dukani. Alishika kichwa. "Haiya! Na si ungekuja tu?" Akaifungua kwenye mashine yake, na kabla chai haijapoa Mzee Barasa alikuwa pale kwenye skrini, koti lake, macho yake, mpaka ule mkunjo wa paji la uso. Kamau aliitoa kwenye karatasi nzuri, akakataa malipo.

Nikampelekea Senje. Akaiweka mapajani. "Ni yeye," akasema. Kisha akaniuliza, "Sasa nimwonyeshe nani?" Kufikia siku ile habari ilikuwa imetufikia kwamba Juma yu hoi kitandani, na macho yake hayaoni tena. Akafa kabla ya mvua.

Basi mwanangu, nenda kanunue. Sikukatazi. Lakini usiende mikono mitupu. Chukua ile kazi yako nzito kuliko zote, ile inayokutoa jasho kwenye kompyuta ya rafiki yako, uwaambie wakufungulie pale pale dukani, na usione haya wakikutazama vibaya. Ikiifungua bila kutapatapa, na rangi ziko vile ulivyozichora, hiyo ni yako, hata iwe imepauka, hata iwe na jina la mtu mwingine ubavuni. Pesa ikiwa kidogo iweke kwenye memori na skrini. Bakisha kidogo cha kuongezea, maana kazi hukua. Mapambo utayanunua kazi ikishayalipia. Hayo yote hata muuza duka mwaminifu angekwambia.

Ambalo hatakwambia ni hili. Siku moja mashine itakushinda, hata uwe umechagua vizuri namna gani. Siku hiyo useme asubuhi. Mwambie mwenye kazi, mwambie aliyekufunza, kubali wakucheke. Kuchekwa kunaisha siku hiyo hiyo. Mimi nilinyamaza siku mbili, nami sijamaliza kulipa.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe macho ya kuchagua kinachofanya kazi, na akupe mdomo mwepesi wa kusema "nimeshindwa" wakati bado kuna mtu wa kukusaidia. Na yeyote atakayekuletea picha ya mtu wake aliyelala, aondoke kwako akiwa anamtambua.