Pua za Ukuta

Jiwe jeusi likipigwa nyundo vizuri hutoa harufu kama ya kiberiti kilichowashwa na kuzimwa papo hapo. Nimefanya vibarua Embu, Isiolo na Nanyuki, nikalala katika vyumba vya kupanga ambavyo sikumbuki hata rangi za milango yake, lakini nikipita mahali mafundi wanachonga mawe, harufu hiyo hunirudisha kwenye shule yetu ya msingi, upande wa Mikinduri, likizo ya Agosti nilipokuwa na miaka tisa, miaka ya themanini.

Kiwanja chetu cha mpira kilikuwa mteremko mtupu. Kipindi kimoja unapanda kama mbuzi, kingine unashuka usijue pa kusimama, na mpira ukivuka goli la chini ulikuwa unatafutwa mtoni. Shule ya ng'ambo ya bonde ilikuwa na kiwanja tambarare, na kila tulipokwenda kucheza kwao tulirudi tumefungwa, tukisingizia kwamba miguu yetu haikuzoea ardhi iliyonyooka. Ndipo wazazi wakakubaliana kukata udongo wa juu na kuushusha chini, halafu kujenga ukuta wa mawe wa kuuzuia usiondoke na mvua. Kidole kimoja hakivunji chawa, kwa hiyo kila familia iligawiwa kipande cha ukuta, hatua sita kwa urefu. Ukiulizwa kazi imefika wapi, hukutaja ukuta; ulitaja kipande chenu.

Aliyesimamia alikuwa Baba Mutuma, fundi wa mawe, jirani yetu. Alitufundisha kwamba ukuta wa namna hiyo haujengwi wima kama wa nyumba, unaegemea mlima kidogo, kama mtu anayesukuma gari lililokwama. Nyuma yake hujazwa kokoto kabla ya udongo, na kwenye uso wake huachwa matundu ya kupitishia maji. Matundu hayo yeye aliyaita pua. "Ukuta usiopumua hufa," alikuwa akisema. "Maji hayana ugomvi na mtu. Lakini uyafungie mlango uone."

Mutuma, mwanawe, tulikuwa darasa moja. Kutwa nzima alichuchumaa kando ya baba yake akichonga kwa nyundo yake ndogo, na baba akimaliza safu humwuliza, "Unaonaje, fundi, imenyooka?" Fundi! Mtoto aliyenakili hesabu zangu! Baba yangu mimi alikuwa karani mjini Meru. Alikuja Jumamosi jioni na kuondoka Jumapili, amevaa viatu vyeusi vinavyong'aa, na kipande chetu alimwachia kibarua ambaye hata jina langu hakulijua. Watoto hawakuniacha.

"Mtoto wa karani, baba yako anaogopa mawe?"

"Hapana, anaogopea viatu!"

Mutuma hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Alinikaribisha kwenye kipande chao nijifunze. Nilimwambia nina kazi nyumbani. Sikuwa nayo. Nilikwenda nyuma ya mibuni, nikakaa nikiwatazama hadi watu walipoitwa kunywa uji wa mchana.

Jumapili moja, watu wakiwa kanisani, nilichota udongo wa mfinyanzi mtoni, nikauviringisha ndani ya majani makavu ya mgomba, nikaziba pua zote nne za kipande cha kina Mutuma. Nilisukuma kwa kijiti hadi ndani kabisa, kisha nikaweka vijiwe mbele ili kisionekane kitu. Sikutaka ukuta uanguke. Sijui nilitaka nini. Labda kipande chao kiwe tu na kasoro moja, ambayo mimi peke yangu naijua.

Mvua za Oktoba zilifika wiki ile tuliyopaswa kuwakaribisha wale wa ng'ambo kwa mechi ya kwanza. Zilinyesha siku tatu. Vipande vyote vilitiririsha maji, hata chetu cha kibarua. Cha kina Mutuma kilivimba tumbo, kikapasuka Alhamisi asubuhi tukiwa kwenye gwaride, na udongo wote wa pembe ya chini ukaporomokea mtoni. Mechi ikafutwa. Wazazi walikuja kutazama, na mmoja akasema kwa sauti, "Mwalimu wa ukuta, ukuta wake ndio umelala!" Walicheka wengi. Baba Mutuma aliinama kwenye matope, akaokota bonge la udongo lililofungwa majani ya mgomba, akaligeuzageuza, akalitia mfukoni mwa koti. Akajenga upya peke yake, mwezi mzima. Mutuma sikumwona tena pale. Nilidhani anaona aibu, nikafurahi.

Mwaka jana nilirudi nyumbani kumwona mama. Siku hizi shule hukodi tingatinga, mteremko unasawazishwa kwa siku chache, ukuta ni wa zege, na hakuna mtoto anayeweza kusema kipande hiki ni chetu. Wetu bado umesimama. Mutuma, ambaye sasa hununua miraa Laare, alinikuta nimeukalia nikitazama watoto wakicheza, akaketi karibu yangu. Ana shamba, ana mke anayecheka naye, hajawahi kuhama. Baba yake alishafariki. Nikamwambia, bila kupanga, "Zile pua niliziziba mimi."

"Wewe?" akasema. "Baba alidhani ni mimi. Alisema niliziba kwa kucheza. Hakuniruhusu kufanya kazi naye tena hadi alipokufa."

Najua mtu mwema angehisi nini hapo. Nilitamka pole, na nilimaanisha. Lakini kabla pole haijafika mdomoni, kitu kidogo kilicheka ndani yangu, kikanong'ona kwamba basi hata yeye hakumpata baba, kama mimi. Mutuma aliona machozi yangu, akaniwekea mkono begani. Alifikiri nalia kwa majuto.