Moshi wa Jikoni kwa Bibi Komba

Juzi darubini ilituonyesha, kwenye hewa ya sayari ya mbali, gesi ambayo hapa kwetu hutolewa na viumbe hai. Wenzangu walipiga makofi. Mimi nilisikia harufu ya maharage.

Mchana mmoja nilipokuwa mtoto, mtaani kwetu Mjimwema, mama alinituma nikamjulie hali Bibi Komba, jirani aliyeishi peke yake. Niliona moshi jikoni kwake, nikasikia harufu ya maharage yakiungua. Kwangu hiyo ilitosha. Nikarudi kucheza rede.

“Bibi mzima?” mama aliuliza, cherehani ikilia.

“Mzima. Anapika.”

Jioni tulimkuta ameanguka kando ya mafiga, sauti imemkauka kwa kuita.

Sayari ile haina mlango wa kubisha hodi. Jiko la Bibi Komba lilikuwa nao, tena ulikuwa umeegeshwa tu.