Michembe ya Mama Juu ya Jiwe

Harufu ya kiazi kitamu kinachokauka juu ya jiwe la moto haifanani na ya kiazi kinachochemka. Ni harufu kavu, yenye utamu wa mbali, kama vumbi lililonyunyiziwa asali. Nyumba yetu ya mtaani Pasiansi iliegemea jiwe kubwa lenye mgongo mpana, na ukisimama juu yake uliliona ziwa. Hapo tulianika nguo, dagaa na magodoro ya watoto waliokojoa. Lakini kiangazi kile, baada ya kumzika baba, jiwe hilo lilibeba kitu kikubwa zaidi.

Baba alikuwa Msukuma, mama Mkerewe. Kila mwaka ndugu zake baba walituletea michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa, ikiwa tayari kwa kupikwa. Mama alijua kuipika, ila hakuwahi kuitengeneza. Mwaka ule baba mkubwa alikuja kutoka kijijini kwao, upande wa Bujora, na magunia mawili ya viazi vibichi. Alikaa kwenye kigoda, akawatazama wadogo zangu pacha, Kulwa na Doto, wakigombania kipande cha muwa.

"Shemeji," alisema kwa upole, "viazi hivi vikikufikisha mvua za kwanza, nitajua unaweza. Visipokufikisha, nitamchukua Doto nikamlee."

"Na Kulwa abaki na nani wa kucheza naye?" mama aliuliza.

Baba mkubwa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameona nyumba nyingi zikilala njaa baada ya msiba, na hiyo ndiyo njia aliyoijua ya kusaidia.

Kesho yake mama alimenya gunia zima. Kwao Ukerewe, mihogo michungu humenywa, hurundikwa na kufunikwa mpaka iote ukungu, kisha hukwanguliwa na kuanikwa. Huo ndio udaga, na mama alisifiwa kwa udaga wake. Basi akavirundika viazi kando ya jiko, akavifunika kwa majani ya mgomba na gunia, akaweka mawe juu. Kuuliza si ujinga, husemwa, lakini mama aliona haya. Angeendaje kuuliza namna ya kukausha kiazi, miaka yote ile akiwa mke wa Msukuma?

Baada ya siku chache jirani yetu, Mama Masanja, alikuja kuomba makaa ya moto. Akasita mlangoni, pua juu.

"Mama Minza," alisema, akimwita kwa jina langu, "unapika pombe hata arobaini haijaisha?"

"Ni viazi. Nimevivundika."

Mama Masanja alifunua gunia, akashika kiuno. "Wewe Mkerewe wewe! Kiazi si muhogo! Hakina uchungu wa kutolewa. Kimekukosea nini mpaka ukifunike hivi?" Akacheka huku akipiga makofi, mpaka alipouona uso wa mama.

Mama alikuwa amekaa chini kwenye majivu. "Basi Doto ameshaondoka," alisema.

Kicheko kikakatika. Mama Masanja akajifunga kitenge vizuri kiunoni. "Lete gunia la pili. Na kisu kikali, siyo hicho cha kukatia sabuni."

Alitufundisha kwa mikono kuliko kwa maneno. Viazi vilazwe kwanza juani vinyauke, ndipo ganda litoke jembamba bila kuondoka na nyama. Vikatwe vyembamba, vigeuzwe jua likiwa la utosi, viondolewe kabla umande haujashuka. Vingine tulivichemsha kwanza ndipo tukavikata na kuvianika. Hayo ni matobolwa, ambayo sisi watoto tulitafuna kama peremende. Na michembe isiingizwe mtungini ikiwa bado na joto la jiwe, ipumzike kivulini kwanza, maana joto likifungiwa hugeuka jasho, na jasho ni ukungu. Kulwa na Doto walikaa juu ya jiwe na fimbo moja wakifukuza kunguru, wakipokezana, bila kujua wanalinda nini.

Viazi vilivyooza mama alikataa kuvitupa. Alivichanganya na majivu na maganda, akavifukia nyuma ya jiko, pale tulipomwaga maji ya kuoshea samaki, kisha akapanda mchicha na matembele. Watu husema akiba haiozi. Yetu ilioza nusu, na nusu hiyo ikatulisha mboga.

Mawingu ya kwanza yalipotanda juu ya ziwa, baba mkubwa alirudi. Mama alimwandalia michembe iliyopikwa na karanga. Alikula, akanawa, akaomba kuona mtungi. Mkono wake ulizama hadi kiwikoni ndipo ukagusa michembe. Akatoa kipande, akakivunja sikioni kusikia kama kimekauka.

"Nani amekufundisha?"

"Jirani. Baada ya kuozesha gunia zima." Mimi nilifumba macho.

"Shemeji, si ungenificha tu?"

"Ningekuficha vipi, na mchicha wenyewe umenenepa vile?"

Baba mkubwa alicheka hadi akajifuta machozi. Jioni aliondoka na fungu la matembele, peke yake.

Mama tumemzika mwaka huu. Mimi nina friji sasa, na humo vitu huoza kimyakimya, bila jirani kunusa na kuja kunigombeza. Kulwa anaishi Dodoma, Doto Arusha. Wote wanakula vizuri, namshukuru Mungu, lakini huwa tunaonana kwenye misiba. Njaa ilishindwa kututenganisha, shibe imeweza.

Arobaini ilipopita tulisafisha nyumba yake. Nyuma ya jiko tuliukuta mtungi, chini umezungushiwa majivu yaliyochekechwa ya kuzuia wadudu, ndani mna michembe ya kiangazi kilichopita. Doto akasema tugawane mafungu matatu, kila mtu aondoke na ukumbusho wake. Kulwa alikuwa ameshaleta mifuko.

Sikubishana nao. Nilichukua sufuria kubwa ya mama, nikamimina michembe yote, nikatia maji, nikawasha moto. Nikawaambia wakae, wataondoka ikishaiva. Nao wanajua, kwa sababu wamekulia pale, kwamba michembe haiivi upesi.