Chakula cha Watu Wawili

Mjomba wangu alikuwa na malori mjini Ngara, na mimi ndiye niliyekuwa fundi wake wa kompyuta. Malori yalipeleka chakula kwenye kambi ya wakimbizi. Programu ya kambi iliomba magunia, programu ya mjomba ilitoa magunia, na hizo mbili hazikuelewana hata kidogo. Nikaandika kipande cha kukaa katikati yao, kwenye kompyuta yetu, nikakiita mshenga. Kazi yake ilikuwa kuchukua maneno ya upande mmoja na kuyafikisha upande wa pili bila kutia chumvi.

Tabu ilikuwa mvua. Ikinyesha mtandao ulilala, na mshenga wangu alirudi mikono mitupu huku watu wakingoja kula. Mimi sina subira na vitu vinavyolala. Nikamfundisha: ukikosa jibu, rudia ombi la mwisho ulilopewa. Wenye njaa wa wiki iliyopita si ndio wa wiki hii? Mjomba alinisifu, nami nikavimba kichwa.

Kisha kambi ikafungwa. Watu walipakiwa wakarudishwa kwao Burundi, nikadhani kazi imekwisha. Asubuhi ya gulio la kila wiki la Nyakahura niliwasha kompyuta nikakuta ombi: chakula cha watu wawili.

Nilicheka, nikasema mshenga anarudia. Halafu kicheko kikanikauka. Angekuwa anarudia, angeomba chakula cha kambi nzima. Hao wawili walikuwa wapya.

Lori letu lilikuwa linapita njia ya kambini kwenda gulioni, nikapanda na dereva. Nyumba za kambi zilikuwa zimeezuliwa, milango haipo, lakini mafiga yalibaki katika kila ua, kama vile wapishi wameingia ndani kuchukua chumvi. Hapakuwa na mbwa wala kuku. Nywele zilinisimama, nasema kweli.

Katika ofisi ya kambi tulimkuta mlinzi, mwenyeji wa Murusagamba, aliyeachiwa kompyuta na vyombo hadi vije kuchukuliwa.

"Ni mimi ninayeomba, dada," alisema. "Kuna bibi amekataa kupanda lori. Vyombo vinaondoka Ijumaa, na mimi naondoka navyo. Sijui atakula nini."

"Na wa pili ni nani?"

Alinipeleka nyuma ya nyumba pekee iliyokuwa inatoa moshi. Bibi alikuwa ameketi kando ya kaburi, na sahani mbili za maharage. Moja alikuwa anaila. Nyingine ilikuwa juu ya udongo, imefunikwa jani la mgomba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu." Akanionyesha kaburi. "Mzee wangu huyu. Tuliandikishwa pamoja, tukala pamoja. Lori linapakia watu. Kaburi nitalipakia vipi?"

Pamoja na ubishi wangu wote, nilirudi kwenye lori.

Nilipomweleza mjomba, alifunga daftari lake la hesabu. "Chakula kitoke stoo kwangu, ni sadaka," akasema. "Lakini mlinzi akiondoka, nani atatukumbusha?" Nikamwambia mshenga yupo.

Ijumaa kompyuta ya kambi ikachukuliwa. Toka hapo hakuna jibu lililoweza kuja kutoka kule, na kila gulio mshenga akarudia ombi la mwisho: watu wawili. Dereva alishusha huku akinung'unika kwamba mahali pale panamtisha, kwamba bibi humwambia asogee pembeni asije akamkanyaga mzee. Mimi nikamtania kwamba mjumbe hauawi.

Masika yakaja. Gulio moja dereva alirudi na chakula. Alikuta moto umezimika na bibi amelala ubavu kando ya kaburi, mkono juu ya udongo, hana uhai. Aliita wanakijiji wa jirani, wakamzika pale pale kwa mzee wake. Dereva aliweka mifuko miwili sakafuni ofisini, akatoka bila kuaga. Nililia, wala sikujificha.

Gulio lililofuata niliwasha kompyuta kama kawaida. Ombi lilikuwa limeshafika: chakula cha watu wawili.

Kumzima mshenga ni kazi ya neno moja tu. Mikono yangu ilikuwa juu ya kibodi. Nilipogeuka, dereva alikuwa amesimama mlangoni, macho kwenye kioo cha kompyuta.

"Tupakie, dada?" akauliza.