Basi Lenye Bomba

Katika chumba cha simu za gari la wagonjwa walimwita Bi Masikio, na jina likamkaa kama nguo ya kupimiwa. Si kwamba masikio yake yalikuwa makubwa. Ni kwamba hakuna Kiingereza kilichomshinda: cha mabaharia, cha watawa, cha wafanyabiashara wanaomeza nusu ya neno na kukutupia nusu.

Yeye mwenyewe, ukimsikia, ungedhani ndiye wa kuchekwa. R na L hazikuwahi kupatana mdomoni mwake. Utotoni alisimama darasani kusema kwa Kiingereza kwamba jana walikula wali. Ulimi ukateleza, "rice" ikawa "lice", akasema walikula chawa. Darasa likavunjika mbavu, na mwalimu naye akacheka hadi akashika meza. Binti alikaa chini, na tangu siku hiyo hakumcheka mtu kwa anavyotamka. Akawa anasikiliza tu. Mumewe, fundi cherehani, alilalamika kwamba mkewe akipanda gari hupitiliza kituo, kisa watu wawili nyuma yake wanalitamka neno moja kila mtu kivyake.

Asubuhi moja mwenzake wa zamu, bwana wa makamo waliyemwita Kapteni kwa alivyopenda kutoa amri, alipokea simu. Mwanamume alikuwa anapiga kelele kwa Kiingereza cha mbali. Kapteni akamwambia arudie. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi, na maneno yakazidi kuwa uji.

"Ajali ya basi mbele ya hoteli!" Kapteni akatangaza, mkono uko kwenye redio ya madereva. "Natoa magari mawili, yaende hoteli ya stendi."

"Kapteni ndugu yangu, hebu ngoja. Amesemaje hasa?"

"Basi. Hoteli. Mtoto. Nisikie nini tena?"

Bi Masikio akavaa hedifoni. "Beibi... baf... otwo-a," mtu alikuwa analia. Lile "baf" lilikuwa fupi, limebanwa kwenye meno. Na "otwo-a" halikuwa na H mwanzoni, wala T kwenye "wo-a" ya mwisho. Kuna mtawa mmoja pale hospitali aliyekuwa akiomba maji hivyo hivyo, T yote ameimeza.

"Baba, usirudie," akasema taratibu, kwa Kiingereza chake hicho hicho cha R na L zilizonuniana. "Nijibu tu. Hicho kitu kina magurudumu au kina bomba?"



"Bomba!" mtu akalia. "Bomba!"

Mtoto alikuwa ameungua bega kwa maji ya moto, bafuni: "bath" wala si "bus", "hot water" wala si "hotel".

"Mvue nguo, isipokuwa iliyonata. Maji ya baridi yapite juu ya bega, polepole, usiache. Usimpake dawa ya meno wala kitu chochote. Nipo na wewe."

Jina la mtaa likatoka limevurugika, kwa hiyo akamwuliza anaona nini dirishani. Tangi jekundu la maji, na karakana ya mbao pembeni. Kapteni, ambaye hakuwa mtu wa kununa, alishaiinua redio. Dereva mmoja akasema karakana hiyo anaijua vizuri.

Bi Masikio hakukata simu mpaka aliposikia nesi anaingia kwa mgonjwa. Ndipo akavua hedifoni, na Kapteni akamletea chai bila kuombwa.

Mtoto alipona. Mkuu wa kituo, mama mwenye nia njema, akapendekeza wote waende kozi ya kusema Kiingereza cha redioni.

"Mama, tutaelewana sana na redio," Bi Masikio akasema. "Lakini wanaopiga hapa ni watu."

Mkuu akacheka, akamwuliza yeye angefanyaje. Bi Masikio akasema waletwe watu. Wakaja: yule mtawa, daktari aliyesomea mbali, muuza vipuri, kila mmoja akisimulia kwa Kiingereza chake siku yake ilivyokwenda, na wapokea simu wakisikiliza bila kumkatiza. Aliyewahi kiti cha mbele kila mara ni Kapteni.

Siku moja baba wa mtoto naye akaja, kamshika mwanawe mkono. Alianza kushukuru, akakwama, machozi yakamtangulia. Mtoto hakukwama.

"Shikamoo," akasema, kwa kuwa manesi walimfundisha.

"Marahaba, mwanangu. Bega linauma?"

Akatikisa kichwa, akavuta kola ili Bi Masikio aone mwenyewe. Kisha akaomba avalishwe hedifoni.